Sura ya Sita: Jikoni kwa Mzaha wa Papo kwa Papo

Mtu akishatazama mara mbili tatu vile vipindi vya televisheni vya Uingereza ambamo wachekeshaji hukaa nyuma ya meza mbili na kutupiana maneno, lazima ataishia kuuliza: hivi haya wanayatunga pale pale, au wameandikiwa? Ana haki ya kuuliza. Majibu yanakuja upesi mno, kila kichekesho kinadondoka mahali pake, hakuna anayegugumia wala anayesahau alichotaka kusema. Katika maisha ya kawaida hata yule mcheshi kuliko wote kijiweni huchemsha mara tatu kabla ya kuwavunja watu mbavu mara moja. Hawa hawachemshi. Basi mtazamaji huku anacheka, huku ananusa moshi wa jikoni.

Sura hii inalijibu swali hilo kwa kupitia kipindi ambacho nje ya Uingereza hakikuvuma sana: Rob Brydon's Annually Retentive, kilichorushwa na BBC Three kwa misimu miwili, mwaka 2006 na 2007. Kipindi hicho ni tashtiti, yaani sanaa ya kulikosoa jambo kwa kuliigiza mpaka upuuzi wake ujianike wenyewe, na jambo lililoigizwa ni utengenezaji wa vipindi hivyo hivyo vya meza mbili. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba swali la watazamaji wengi limelenga pembeni kidogo. Kuandika utani si kosa, na kwa anayetazama kwa makini si siri pia. Bidhaa inayouzwa pale ni picha ya marafiki wanaostarehe bila kutoka jasho, na kinachositiriwa ni jasho lenyewe pamoja na majina ya waliolitoa.

Jopo lisilohukumu chochote

Jopo, kama tulivyozoea, ni watu walioketishwa pamoja kujadili au kuamua jambo: jopo la majaji, jopo la madaktari. Kipindi cha jopo ni mchezo uliochukua umbo hilo na kuwakalisha wachekeshaji. Katikati yuko mwendeshaji, kushoto na kulia ziko timu mbili, na aghalabu kila timu ina nahodha wa kudumu na mgeni au wageni wanaobadilika. Mwendeshaji anauliza maswali na kutoa alama. Waingereza walianzia redioni. Just a Minute, ambamo mtu hutakiwa kuzungumza dakika nzima bila kusita, bila kurudia neno na bila kutoka nje ya mada, kilianza BBC mwaka 1967. Kwenye televisheni aliyeweka kielelezo ni Have I Got News for You, kipindi cha kudhihaki habari za wiki kilichoanza mwaka 1990, kisha vikafuata vingi: QI mwaka 2003, Mock the Week mwaka 2005.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba alama hazina kazi. Hakuna fedha, hakuna kombe la maana, na wiki inayofuata hakuna anayekumbuka nani alishinda. Hili si dogo, kwa sababu ndilo linalotofautisha udanganyifu na maonyesho. Marekani iliwahi kupitia kashfa kubwa ya michezo ya maswali: katika Twenty-One, kipindi cha NBC cha miaka ya 1950, washiriki walipewa majibu kabla, na mwaka 1959 Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu aliyekwisha kuwa kipenzi cha taifa, alikiri hivyo mbele ya kamati ya Bunge la nchi hiyo. Pale palikuwa na maelfu ya dola na mshindani aliyetakiwa kushindwa. Kwenye kipindi cha jopo hakuna aliyeibiwa. Ushindani ni msumari wa kutundikia mazungumzo.

Waingereza wenyewe waliligundua hilo mapema na kulifanyia mzaha. I'm Sorry I Haven't a Clue, kipindi cha redio kilichoanza mwaka 1972, kilijitambulisha kama dawa ya michezo ya jopo. Mwendeshaji wake, mpiga tarumbeta wa jazi Humphrey Lyttelton, alijifanya mtu aliyechoshwa na kazi yake mpaka alipofariki mwaka 2008. Msichana aliyesemekana kuhesabu alama, Samantha, hakuwapo kabisa. Mchezo wake maarufu kuliko yote, Mornington Crescent, unahusu kutaja vituo vya treni za London kwa kufuata kanuni nzito ambazo hazipo: washiriki wanatafakari, wanapingana, wanashutumiana kwa hila, na msikilizaji mgeni anahangaika kuielewa hesabu isiyo na jibu. Kwa hiyo tashtiti juu ya jopo ilizaliwa ndani ya jopo, na ilianza kwa kukiri kwamba mchezo si mchezo.

Brydon anamwigiza Brydon

Annually Retentive ilisogea hatua zaidi, ikamtoa mtazamaji mezani na kumwingiza jikoni. Rob Brydon, mchekeshaji wa Wales aliyekuwa amekwisha kupata sifa kwa Marion and Geoff, anacheza nafasi ya mtu aitwaye Rob Brydon, mwendeshaji wa kipindi cha jopo kuhusu matukio ya miaka iliyopita. Jina la kipindi lenyewe ni mchezo wa maneno: kuna msemo wa kisaikolojia wa kumwelezea mtu anayeng'ang'ania vijimambo, wao wakang'oa neno la kwanza na kupachika lingine linalokaribiana nalo kwa sauti, lenye maana ya kila mwaka. Sehemu moja ya kipindi ni mashindano yenyewe, yaliyochezwa mbele ya hadhira na wageni maarufu wenye majina yao halisi. Sehemu nyingine ni yanayotangulia na yanayofuata: vikao vya kupanga, mivutano ya ofisini, mwendeshaji anayewachekea wageni mezani na kuwasengenya wakigeuza mgongo.

Mtindo huo una babu yake Marekani. The Larry Sanders Show ya HBO, iliyodumu kuanzia 1992 hadi 1998, ilimwonyesha Garry Shandling akiwa mwendeshaji wa kipindi cha mahojiano ya usiku, mwenye tabasamu mbele ya kamera na hofu isiyokwisha nyuma ya pazia. Nyota halisi walikuja kuigiza nafsi zao zikiwa na tabia mbaya kuliko walizokubali hadharani. Uingereza nako, wakati Brydon anaanza, Extras ya Ricky Gervais na Stephen Merchant ilikuwa imekwisha kuanza kufanya vivyo hivyo kwa watu wa filamu.

Lakini Brydon alichagua shabaha iliyo ngumu zaidi. Anayeonyesha uchafu wa nyuma ya pazia katika tamthilia hahitaji kutuonyesha tamthilia nzima, vijisehemu vinatosha. Anayetaka kuonyesha jinsi wepesi unavyotengenezwa anapaswa kwanza kuutengeneza huo wepesi, na utushike kweli. Ndiyo maana nafasi ya mashindano katika Annually Retentive si ya kujaza muda. Mtazamaji anacheka mezani, kisha anapelekwa kuona kile kicheko kilikotoka, halafu anarudishwa mezani na anacheka tena. Hapo ndipo tashtiti inapouma, kwa sababu aliyekwisha kuonyeshwa jiko bado ana hamu ya chakula.

Aina tatu za utani katika sinia moja

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo, kwa maana lina jibu. Katika kipindi cha kawaida cha jopo kuna utani wa aina tatu, na mtazamaji huletewa zote zikiwa zimechanganywa.

- Utani ulioandikwa. Huu ni wa mwendeshaji hasa. Anausoma kwenye teleprompta, yaani kioo kilichowekwa mbele ya lenzi ya kamera ili maneno yapite huku macho yakionekana kumtazama mtazamaji.
- Utani uliobebwa. Mgeni anayejua kwamba habari za wiki ndiyo mada huja studio akiwa amesoma magazeti na kujiwekea akiba ya mizaha. Kazi inayobaki ni kungoja mlango ufunguke auchomeke.
- Utani uliozuka. Mtu amejikwaa ulimi, mwenzake amedaka, wa tatu ameongeza, na hata mwendeshaji ameacha kusoma.

Aina ya tatu ndiyo inayokumbukwa, na hizo mbili nyingine hujivika nguo zake. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulipatikana bila mtu kukusudia. Angus Deayton aliendesha Have I Got News for You tangu 1990 hadi Oktoba 2002, alipoondolewa baada ya magazeti kuandika mambo ya maisha yake binafsi. Kwa miaka hiyo yote alihesabiwa miongoni mwa watu wenye ulimi mkali kuliko wote nchini. Alipoondoka, kipindi hakikumtafuta mrithi, kiliamua kualika mwendeshaji mpya kila wiki, na utaratibu huo ukageuka desturi. Wakaja waigizaji, wasoma habari, wanasiasa, watu ambao wengi wao hawajawahi kusimama jukwaani kuchekesha. Wakachekesha. Si kwa kiwango kimoja, lakini kipindi hakikuanguka. Tusimnyang'anye Deayton kipaji chake cha kusoma mstari mkavu bila kutikisa uso, kwani mstari uleule mdomoni mwa mwingine hufa. Hata hivyo, kiti kinachoweza kukaliwa na mtu tofauti kila wiki na bado kikatoa ucheshi ni kiti kinachopata ucheshi wake mahali pengine.

Kipindi hichohicho kilikuwa kimekwisha kulithibitisha hilo kwa njia ya kikatili zaidi mwaka 1993. Roy Hattersley, aliyewahi kuwa naibu kiongozi wa chama cha Labour, alijitoa dakika za mwisho, na ilikuwa mara ya tatu kufanya hivyo. Waandaaji wakaweka kopo la mafuta ya nguruwe kwenye kiti chake, wakalitambulisha kwa heshima zote za mgeni, na kuendelea na kazi. Miaka zaidi ya thelathini baadaye Waingereza wanalikumbuka kopo lile kuliko wageni chungu nzima waliokuwa na midomo.

*Kwa ufupi hadi hapa: utani wa jopo kwa sehemu umeandikwa, kwa sehemu umebebwa, kwa sehemu umezuka. Mchanganyiko huo haumwibii mtu chochote. Ila unampa sifa aliyeketi kitini, na mara nyingi aliyeifanyia kazi sifa hiyo hayupo chumbani.*

Mkasi

Kuna fundi mwingine ambaye hata watazamaji wenye mashaka humsahau: mhariri, anayekata picha na kuziunga. Kipindi cha nusu saa hurekodiwa kwa muda mrefu kuliko huo, na ushahidi uko hewani. QI ina toleo refu liitwalo QI XL, la dakika 45, linalotokana na usiku uleule wa kurekodi uliozaa toleo la dakika 30. Have I Got News for You nayo ina toleo lake refu. Kila dakika ya ziada katika toleo refu ni dakika ambayo mtu aliamua haistahili kuingia katika toleo fupi. Na nje ya yote mawili kuna nyingine ambazo hazikuingia popote: mgeni aliyekwama, mzaha uliopokewa kwa ukimya, kichekesho kizuri kilichokuwa kirefu mno.

Kwa hiyo ule wepesi wa kutokukosea si wa watu waliokaa pale. Wale walikosea kama watu wote kijiweni; makosa yameachwa sakafuni mwa chumba cha uhariri. Mkasi pia unaamua nani ni mcheshi. Mgeni aliyesema mambo kumi na kubakishiwa mawili ataonekana mkimya. Jirani yake aliyebakishiwa manane ataonekana moto wa kuotea mbali. Mtazamaji, asiyejua hesabu hiyo, atahukumu tabia za watu kwa kutumia maamuzi ya mtu wa tatu.

Lakini kuamua nani aonekane kunaanza kabla ya mkasi, kwenye kuchagua wageni, na hilo liligeuka jambo la umma mwaka 2014, pale Danny Cohen, aliyekuwa mkurugenzi wa televisheni wa BBC, alipotangaza kwamba shirika halitarusha tena vipindi vya jopo vyenye wanaume watupu. Kilio kilikuwa cha muda mrefu: majopo yalikuwa yamejaa wanaume waliozoeana, na mwanamke aliyealikwa peke yake aliingia katika mazungumzo yenye mwendo uliokwisha kupangwa na wengine. Kilichonivutia ni namna ya upinzani. Dara Ó Briain, mwendeshaji wa Mock the Week, hakusema wanawake wasialikwe. Alichopinga ni kulitangaza jambo, kwa sababu sasa kila mwanamke atakayekaa mezani ataonekana amewekwa kujaza nafasi. Malalamiko hayo yana ukweli. Lakini yatazame kwa jicho la Annually Retentive: kosa lililotajwa ni kuonyesha resipe. Wageni wote wa jopo wamewekwa. Kila mmoja alijadiliwa kikaoni, akapimwa umri wake, umaarufu wake, jinsi atakavyokaa na wengine. Aliyeonekana amewekwa ni yule tu ambaye tulisikia kikao chake.

Je, kuna ubaya gani?

Pingamizi la kwanza ni la mtu mwenye busara: maonyesho yote huandaliwa, kwa nini tuulaumu mchezo wa jopo? Mtanzania aliyesikiliza ngonjera, yale majibizano ya kishairi yaliyopata umaarufu kwa kalamu ya Mathias Mnyampala, anajua fika kwamba wanaobishana jukwaani wamekariri beti zao, na hajioni ametapeliwa. Nakubali, na mfano huo unanisaidia mimi kuliko mpingaji. Ngonjera haijifichi. Ina vina, ina mpangilio, na mtunzi wake hutajwa. Kipindi cha jopo kinafanya kinyume. Katika orodha ya majina inayopita mwishoni, watunzi wa mizaha ya vipindi hivi Uingereza kwa miaka mingi wameandikwa kwa cheo cha ajabu, "washirika wa kipindi", ili neno "mwandishi" lisije likaharibu ndoto. Nguo ikipewa jina lisiloeleweka, jua kuna kiraka.

Pingamizi la pili linagusa tashtiti yenyewe. Linasema kwamba mtu maarufu anayekubali kujidhihaki hapotezi kitu, anavuna. Brydon akijiigiza kuwa mwenye kijicho na unafiki, tunatoka tukisema bwana huyu ni mnyenyekevu. Wageni nao wanaonekana wastaarabu kwa kukubali kuchezewa. Kejeli inageuka tangazo. Hili ndilo pingamizi zito, na sioni njia ya kulikwepa lote. Ushahidi unalipa nguvu, na mahali unapotisha ni nje ya vichekesho. Boris Johnson, akiwa mbunge, alikaa kwenye kiti cha mwendeshaji wa Have I Got News for You zaidi ya mara moja, akivuruga mistari aliyoandikiwa na kupendwa kwa kuivuruga. Mwaka 2008 alichaguliwa meya wa London, na mwaka 2019 akawa waziri mkuu. Haitakuwa haki kusema kipindi kilimpa kura; wapiga kura wana sababu zao nyingi. Ila kilimpa kitu ambacho mwanasiasa hawezi kununua kwa urahisi, sura ya mtu asiyejipanga. Kuchekwa hakukumdhuru hata kidogo.

Hata hivyo pingamizi hilo linachanganya kumcheka mtu na kuonyesha kazi. Meza ya Have I Got News for You ilimcheka Johnson na kumwacha akiwa vilevile, kwa kuwa haikutuonyesha nani aliandika kile alichokivuruga. Annually Retentive, hata pale inapompamba Brydon, inamwonyesha akiwa tegemezi: mtu ambaye ucheshi wake unafika kwa karatasi, unapita mikononi mwa wengine na unahitaji kikao. Unaweza kutoka ukimpenda zaidi. Huwezi kutoka ukidhani aliutoa wote kichwani mwake. Kwangu hilo latosha. Tashtiti haina wajibu wa kutufanya tumchukie mtu.

Pingamizi la tatu ni la wale wanaotazama matokeo. Wanasema kipindi kilishindwa: misimu miwili, kikaisha, na vipindi vya jopo vikaendelea kustawi. Mbaya zaidi, mwaka 2009 Brydon mwenyewe alichukua kiti cha kuendesha Would I Lie to You?, kipindi halisi cha jopo cha BBC One kilichoanza miaka miwili kabla, chenye manahodha David Mitchell na Lee Mack. Mkosoaji amehamia nyumba aliyoitupia mawe.

Sioni usaliti hapo, tena nadhani alihamia mahali palipomfaa. Would I Lie to You? ni mchezo ambamo mtu anasoma kwenye kadi kisa kinachomhusu, kisha timu nyingine inamhoji na kuamua kama ni kweli au uongo. Visa vya kweli vimekusanywa kabla kutoka kwa wageni wenyewe. Vya uongo vimetungwa na waandaaji, na msomaji anaambulia kuvijua pale anapoigeuza kadi. Maana yake ni kwamba uandishi umetolewa uvunguni na kuwekwa mezani. Kadi inaonekana. Mtazamaji anajua huenda kuna mtu aliyeandika, na kazi yake jioni nzima ni kuuliza lile swali tuliloanza nalo: hili limetungwa, au ni lake? Kuzuka nako kunaonekana kwa namna yake, maana aliyepewa uongo asiowahi kuuona lazima aulee mbele ya macho yetu, ajibu alikuwa wapi siku hiyo na alivaa nini. Lee Mack akibanwa na maswali ya Mitchell, tunaona jasho, na jasho ndilo linalochekesha.

Mwishoni mwa kipindi, majina yanaanza kupita. Televisheni nyingi za Uingereza huyabana majina hayo kwenye kona ya skrini na kuyakimbiza, ili nafasi iliyobaki itangaze kipindi kinachofuata, na sauti ya mtangazaji inaingia juu ya muziki. Mwenye macho makali, akisogea karibu, atawahi kusoma mstari mmoja au miwili kabla haijayeyuka.